Kamba ya Mbele

Mwanangu Makori,

Mambo ya blanketi, sabuni na kuamka mapema mama yako amekwisha kukuambia, tena kwa sauti, kwa hiyo siyaandiki. Nina jambo moja tu, na tangu Sabato ilipofungwa jioni hii nimelizunguka kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga.

Kesho Bwana Miwani atakuchukua Kisii, mbele ya posta. Mtateremka pamoja hadi Homa Bay kuchukua mitumbwi yake miwili, ile myembamba ya kuingia mtu mmoja ambayo wazungu huiita kayaki. Utaifunga juu ya Land Rover, kwenye keria, kisha mtarudi nayo kupitia Kisii, Keroka na Sotik, mpite huku Kericho, mwende hadi Naivasha ambako anataka kuikodisha kwa wageni. Kufunga, kufungua na kutunza, hiyo ndiyo kazi aliyokupa. Amekupa kwa sababu alikuja hapa kwenye shamba la chai, akaniita kando ya mizani, akaniuliza, "Kijana wako anajua kufunga?"

Nikamjibu, "Nilimfundisha kwa mikono hii yangu, bwana."

Akafurahi. Akasema, "Kama umemfundisha wewe, baada ya yale yaliyotokea, basi atafunga vizuri kuliko mtu yeyote." Akanishika bega akaenda zake, na maneno hayo yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki mpaka sasa.

Wewe unajua kama nilikufundisha. Sikukufundisha kufunga mtumbwi, wala mbuzi, wala kamba za viatu vyako vya kwanza. Kesho utasimama kando ya gari, mzee wa watu atakupa kamba, atangoja kuona mikono ya baba yako ndani ya mikono yako, nawe hutakuwa nayo. Ukiogopa utafunga vyovyote na kusema tayari. Najua, kwa sababu mimi nilisema tayari. Halafu mtashika barabara ambayo mama za watu hutembea kando yake na mizigo kichwani.

Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa kujivuna. Kwa lugha yetu haya hayaandikiki. Kati ya baba na mwanawe aliyekwisha kutoka jandoni kuna ensoni, ile aibu ya heshima inayomfanya mtu atazame pembeni mwenzake akipita, na kati ya mtu na mama mkwe wake ensoni ni kubwa zaidi, hata jina lake silitaji. Nikianza kwa Ekegusii, neno la kwanza tu litanifunga mdomo. Kiswahili nilianza nacho katika ile miaka yangu michache ya shule, kingine nikakiokota huku kwenye laini za vibarua, hizi nyumba zetu za safu, kwa Wajaluo na Wakipsigis na Waluhya. Hakimjui mkwe wangu. Nakitumia kama mtu anayeingia kwa mlango wa nyuma.

Kwanza nilitaka kukufundisha humu humu karatasini. Nikaandika kwamba mtumbwi hulazwa kifudifudi, tumbo juu, ili mvua isiingie ndani. Keria ni chuma, kwa hiyo iviringishie magunia yaliyojazwa majani makavu ya migomba, la sivyo chuma kitautafuna mtumbwi safari nzima. Kamba mbili za katikati ndizo zinazoubana. Zikaze mpaka ukiusukuma mtumbwi liwe ni gari linalotikisika, lakini usikaze mpaka ubavu wake uanze kulia, maana hapo umekwisha kuupasua. Halafu kamba ya nyuma hadi bampa ya nyuma, na kamba ya mbele hadi bampa ya mbele. Mtu mvivu huona zile mbili za katikati zinatosha. Zinatosha gari likiwa limesimama. Likikimbia, upepo huingia chini ya pua ya mtumbwi na kuuinua, na hapo ni kamba ya mbele peke yake inayosema hapana.

Nikaandika pia habari za katani, kwamba ni kamba mwongo. Ukiifunga katika mvua ya kwetu ya alasiri itakaza kama ngozi ya ngoma, utailaza roho yako. Kesho yake jua likiikausha italegea yenyewe bila mtu kuigusa. Kwa hiyo usiamini kamba uliyoifunga jana. Ukitembea mwendo mfupi, simama, panda, ishike tena. Na ukisikia kamba inaimba juu ya kichwa chako, usiimbe nayo.

Hayo niliyaandika vizuri. Nikafika kwenye fundo lenyewe, nikalichora. Mchoro wa kwanza ulitoka kama utumbo wa mbuzi. Nikachora tena, nikapata utumbo wa mbuzi mwingine. Jirani yangu hapa chumbani alichungulia akauliza, "Huyo ni nyoka amekula nini?" Nikaona niache. Fundo halifundishwi kwa karatasi. Mtu husimama nyuma yako, anashika mikono yako, anakuambia siyo hivyo, fungua, anza tena. Mtu huyo nilipaswa kuwa mimi.

Mimi mwenyewe nilifundishwa na Bwana Miwani. Wakati huo alikuwa msaidizi wa meneja hapa shambani, kijana bado, na kila mwisho wa juma alikwenda ziwani. Alinitoa kwenye kupalilia chai akanipa kazi ya gari. Nikifunga, yeye huja akaning'inia kwenye kamba kwa uzito wake wote. Fundo likiteleza alianguka chini kwa makalio, akanyanyuka akijipangusa.

"Fungua, Onsongo."

"Lakini ilikuwa imeshika, bwana."

"Ilishika nini? Ilinishika mimi? Fungua."

Alianguka mara nyingi mwezi ule, na vibarua walikuwa wanakuja kutazama. Siku aliponing'inia akabaki hewani akibembea kama pumbu la fahali, wote walipiga makofi. Kwa hiyo usije ukafikiri sikujua. Nilijua kufunga. Yaliyotokea hayakutoka kwenye kutojua.

Sasa ile siku. Wewe unaijua kwa lile jina walilokuita shuleni, Mwana wa Mtumbwi. Najua walikuimbia kwamba baba yako huvua samaki barabarani. Hadithi uliyoambiwa na wakubwa ni nyingine. Uliambiwa kwamba baba yako alikuwa juu ya gari akamwona mama mkwe wake, na kwa sababu mtu hawezi kusimama juu ya kichwa cha mkwe wake, akashuka haraka kwa ensoni, kamba ikabaki. Wazee wanaisimulia kwa sifa. Mimi nimeiacha isimuliwe miaka yote hii, na imenilisha.

Tulipita njia ya Nyamira asubuhi ile, barabara ya murram, ule udongo mwekundu wa changarawe. Mitumbwi nilikuwa nimeifunga jana yake, mvua ikinyesha. Kufika Nyamira jua lilikuwa limepanda, nayo ilikuwa siku ya soko. Kamba zikaanza kuimba. Bwana Miwani akasimamisha gari, akasema, "Panda ukaze zote. Mimi nanunua mkate." Akaingia dukani.

Nikapanda. Nikakaza za katikati, nikakaza za nyuma. Nikaja mbele, nikafunga mtumbwi mmoja, nikafungua kamba ya mwingine ili niifunge upya. Nilikuwa nimeishika mkononi, imefunguka kabisa, niliposikia sauti ya mkwe wangu. Huwezi kuikosea sauti ile, unaijua. Alikuwa anatoka sokoni na wenzake, kikapu cha wimbi kichwani, anacheka.

Mimi nilikuwa miguu mitupu. Kaptura yangu ilikuwa na kiraka nyuma, kipande cha gunia la sukari, maandishi bado yanasomeka. Na Makori, siku nilipokwenda kwao kumwomba mama yako, nilikwenda na suruali ya kuazima na viatu vya kuazima, na walipouliza kazi yangu nilisema mimi ni karani wa mizani. Nilisema naandika uzito wa majani ya chai ya watu wote. Babu yako alitikisa kichwa kwa heshima. Nikapewa kiti cha mgongo, kile cha wageni wa heshima.

Nikaruka chini upande wa pili wa gari, nikachuchumaa nyuma ya gurudumu. Palikuwa na mama mmoja muuza ndizi ameketi hapo. Alinitazama toka juu hadi chini.

"We, umeona chui?"

"Nyamaza, mama."

"Ni askari wa kodi?"

"Ni mkwe wangu anapita."

"Aa!" akasema, akasogeza ndizi zake kunipa nafasi. "Basi lala kabisa. Hicho kiraka kinaonekana mpaka Kisii."

Walipita. Nilitazama miguu yao chini ya gari ikipita. Nikangoja waende mbali, lakini walisimama mbele kidogo wakimsubiri mmoja wao aliyerudi kununua chumvi. Nikiinuka wataniona. Nikipanda juu wataniona vizuri zaidi. Nikabaki nimechuchumaa. Bwana Miwani akatoka na mkate wake, akapiga mlango wa gari kwa kiganja.

"Tayari?"

Ningeweza kusema bado. Ni neno fupi. Ningeweza kumwambia, bwana, yule ni mama mkwe wangu, tafadhali funga wewe hii ya mbele, naye angefunga, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha. Ningegeuza uso tu, na ensoni ingebaki nzima na kamba ingefungwa. Mila haikuniambia niache kamba. Mila iliniambia nigeuze uso. Kilichoniweka nyuma ya gurudumu kilikuwa kile kiraka, na kile kiti cha mgongo nilichopewa.

Nikasema, "Tayari, bwana." Nikaingia ndani, nikajikunja chini ya dirisha. Akina mama wale nao walikuwa wameanza kutembea.

Tuliwapita kwenye mteremko unaoanza ukishatoka sokoni, pale upepo hupanda kutoka bondeni. Nilisikia kishindo kimoja juu. Pua ya ule mtumbwi iliinuka kama ng'ombe anayeinua kichwa majini, kamba za katikati zikateleza, na kwa kuwa ya nyuma ilikuwa imefungwa vizuri, nami niliifunga vizuri sana, mtumbwi haukuanguka. Ungeanguka ingekuwa heri. Ulizunguka ukatoka nje ya gari kama mlango uliosukumwa na upepo, ukafagia ukingo wa barabara.

Wengine waliinama. Yeye alikuwa na kikapu kichwani, na mtu mwenye kikapu kichwani hainami.

Niliposhuka alikuwa amekaa kwenye murram, mkono wake wa kulia umegeuka upande ambao mikono haigeuki, wimbi limemwagika mpaka mtaroni. Hakupiga kelele. Wenzake ndio waliopiga. Mmoja akaniona nimesimama hatua chache kutoka kwake, uso nimeutazamisha kwenye mashamba.

"We mwanamume, unatazama nini huko? Mshike, tumwinue!"

"Siwezi. Ni mama mkwe wangu."

Yule mama akasema, na sijawahi kusikia tena maneno makali hivyo, "Kwa hiyo wewe huwezi kumgusa, lakini mtumbwi wako ulipewa ruhusa?"

Bwana Miwani ndiye aliyemwinua. Alimlaza kwenye kiti cha nyuma, mama mmoja akaingia kumshika kichwa. Mitumbwi tuliiacha kwa mwenye nyumba wa karibu. Ndani hapakuwa na nafasi ambayo mimi ningekaa bila kumtazama mkwe wangu, nami nilikuwa nang'ang'ania mila yangu bado, kwa hiyo nikapanda juu, nikakaa kwenye keria tupu nimeshika vyuma. Tulikwenda hivyo hadi hospitali ya Kisii. Nilikuwa nimeshuka ili nisiwe juu ya kichwa chake, na sasa nilikuwa juu ya kichwa chake njia nzima. Kila gari liliporuka kwenye shimo nilimsikia akivuta pumzi chini yangu.

Mkono ule haukupona sawa. Ndiyo sababu nyanya yako husonga ugali kwa mkono wa kushoto, na ndiyo sababu wewe ulitolewa kwetu Ekerenyo ukiwa mdogo ukapelekwa kukaa kwake. Uliambiwa unakwenda kwa ajili ya shule iliyo karibu. Ulikwenda kuwa mkono wake. Maji yote uliyochota, kuni zote ulizopasua kabla ya kwenda darasani, ulikuwa unafanya kazi ya mkono ambao baba yako aliuvunja.

Wazee waliketi. Niliulizwa. Nikasema, "Ilikuwa ensoni." Nilipotamka tu neno lile niliona nyuso zao zinalegea. Mmoja akasema kijana huyu amelelewa, siku hizi wako wanaopita katikati ya wakwe zao kama wanapita kwenye migomba. Nikaambiwa nitoe mbuzi, nikatoa, ikaliwa. Nilikula na mimi. Mpaka leo nakumbuka nilipewa figo.

Baada ya miezi kadhaa mama yako alikuja kunitembelea huku. Tulikuwa tumekaa nje, anachambua mboga, akasema bila kunitazama, "Mama alikuona, unajua?"

"Aliniona wapi?"

"Juu ya gari. Alikuona kabla hujaruka. Aliwaambia wenzake, tupite upesi, tumwachie mtu nafasi amalize kazi yake."

Nikauliza swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza. "Na kaptura aliiona?"

Mama yako akaweka mboga chini. "Kaptura gani? Unafikiri hajui kwamba wewe si karani? Mimi nilimwambia kabla hujaleta hata ng'ombe mmoja. Alisema, karani au si karani, ana mikono."

Hapo ndipo nilipoharibika kabisa, Makori. Kabla ya hapo ningeweza kusema nilificha kitu. Sasa nikajua nilimvunja mkono mtu kwa kuficha kitu alichokuwa anakijua, tena alichokuwa amenisamehe. Alikwenda upesi ili mimi nimalize. Mimi ndiye sikumaliza.

Mtu mwingine angekwenda kwake, angekaa mbali jinsi inavyotakiwa, angetuma mtu ampelekee neno. Mimi nilianza kurudi nyumbani mara moja kwa mwaka, halafu hata hiyo nikairuka. Nilisema kazi ni nyingi. Kazi ya chai ni nyingi kweli, hapo sikudanganya, mgongo wangu ni shahidi. Lakini wenzangu wa kutoka Ogembo walikuwa wanakwenda kwao na kurudi, na majani waliyochuma hayakuwa machache kuliko yangu. Ulipotoka jandoni nilikutumia blanketi kwa mkono wa mtu. Alirudi akaniambia, "Kijana wako aliuliza kama unakuja nyuma yangu." Nilimwambia anyamaze, tukazungumza habari za mvua.

Mjomba wako ndiye aliyekufundisha kufunga ndama, kuezeka, kunoa panga. Niliambiwa. Kila nilipoambiwa nilifurahi kwanza, halafu moyo ukanichoma, kwa sababu ilikuwa ni mimi ninayefanyiwa kazi yangu na mtu mwingine, na sikuwa nimemwomba wala kumshukuru.

Bwana Miwani hakunifukuza. Angenifukuza ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Alinitoa tu kwenye gari akanirudisha kwenye chai, na tangu siku ile sijafunga kitu chochote juu ya gari la mtu. Hata aliyenunua kitanda hapa laini akiomba tusaidiane kukipandisha, mimi hujifanya nina mkono unaouma. Fikiria. Mimi, mkono unaouma.

Na pamoja na hayo yote, alipokuja kuniuliza habari zako, sikusita hata kidogo. Uongo ulitoka laini, ukiwa tayari, kama ulikuwa umekaa mlangoni umevaa kofia. Nilitaka kazi hiyo iwe yako, hilo ni kweli. Lakini nitakuambia na lile lililo chini yake. Nilitaka aondoke hapa akiamini kwamba Onsongo alimlea mwanawe. Ni kaptura ile ile. Nimezeeka ndani yake.

Nilipogundua hivyo kalamu ilisimama muda mrefu. Kwa sababu nikinyamaza, kesho atakupa kamba, na wewe, kwa kunihurumia mimi ambaye hunijui vizuri, utajifanya unajua. Utaninusuru. Najua ungefanya hivyo, kwa kuwa umelelewa na mwanamke aliyekwenda upesi ili mimi nimalize. Na nikimwambia ukweli, huenda akasema sitaki mtu wa kufundisha upya, na wewe umekwisha kuaga kanisa zima, mama yako amekwisha kupika kuku, na utasimama mbele ya posta na sanduku lako ukitazama magari yanayopita. Nitakuwa nimekunyang'anya hata kile kidogo nilichokupa kwa uongo.

Nimeyapima hayo mawili mpaka kichwa kimeuma. Siwezi kukudanganya kwamba nimeamua kwa ushujaa. Nimeamua kwa sababu nimemwona yule mama mwenye kikapu, kila nikifumba macho namwona, na hana uso wa nyanya yako. Ana uso wa mtu yeyote atakayekuwa Keroka kesho.

Bwana Miwani analala hapa katika nyumba ya wageni ya shamba. Ataondoka alfajiri kuja Kisii. Nitamngojea kwenye lango kabla hajawasha gari, barua hii ikiwa mfukoni. Nitamwambia sikumfundisha. Nitamwambia na sababu ya ile kamba ya kwanza, ile ya kweli, kwa kuwa hata yeye alipewa ile ya wazee. Sijui atasema nini. Ana moyo mzuri lakini ana kumbukumbu pia, na ni yeye aliyembeba mkwe wangu mikononi.

Akisema kijana aje hivyo hivyo, nitampa barua hii akuletee. Akisema hapana, sitampa. Kesho ni Jumapili, hatuchumi. Nitapanda lori la kwanza linalokwenda Kisii, nikuletee mwenyewe.

Kwa hiyo, mwanangu, hata kabla hujafungua bahasha ulikuwa umekwisha kupata jibu, ila hukujua. Ni nani amekupa barua hii? Kama ni yeye, ujue amesikia yote na bado amekuja kukuchukua. Basi mbele ya mitumbwi mwambie, "Sijui, nionyeshe," naye ataning'inia na kuanguka kama alivyoanguka kwangu, na wewe utafungua na kuanza tena bila aibu, kwa sababu hakuna tena mtu anayesema unajua. Msalimie mama yako, na nyanya yako mwambie chochote utakachoona kinafaa.

Na kama ni mimi, basi nimesimama hapo mbele yako wakati unasoma haya, na sanduku lako liko chini, na gari halitakuja. Usinihurumie. Lakini usigeuze uso pia, hata kama ensoni inataka. Nitazame nilivyo. Halafu kama una kamba nyumbani, twende.

Baba yako,
Onsongo